Gaston Planté, Mweka Akiba ya Umeme

Gaston Planté alizaliwa tarehe 22 Aprili 1834 katika mji wa Orthez, kusini ya nchi ya Ufaransa. Alipokuwa kijana alikwenda Paris, na mwaka 1854 akapata kazi ya kumsaidia mwalimu wa fizikia katika chuo cha ufundi mjini humo. Mwaka uliofuata, huko Meudon karibu na Paris, alivumbua ardhini mifupa ya ndege mkubwa wa kale asiyeweza kuruka. Wataalamu wakampa ndege huyo jina la Gastornis, kwa heshima ya kijana huyu. Lakini kazi aliyoishika Planté maisha yake yote ilikuwa ya umeme.

Siku zile betri zilikuwapo, maana Alessandro Volta wa Italia alitengeneza ya kwanza mwaka 1800. Ila zilikuwa kama kuni: zikiisha, zimekwisha. Planté alitaka betri iliyo kama mtungi, iwezayo kujazwa tena kila iwapo tupu. Basi mwaka 1859 akatwaa mabamba mawili ya risasi, akayatenga yasigusane, akayaviringisha pamoja kama mkeka, akayatumbukiza katika maji yenye tindikali. Akapitisha umeme ndani yake kwa muda. Alipouondoa, risasi ile ikaurudisha. Mwaka 1860 akawaonyesha wataalamu wa Chuo cha Sayansi cha Ufaransa betri ya seli tisa.

Hata hivyo palikuwa na taabu mbili. Kwanza, risasi mpya haiweki umeme mwingi. Ilimpasa kuijaza, kuitoa umeme wake na kuipumzisha, mara nyingi, kwa muda wa miezi. Pili, umeme wa kujazia aliupata katika betri mbili tu za namna ya zamani, nazo hazikuwa na msukumo wa kutosha kujaza seli nyingi zilizofuatana.

Planté hakukata tamaa. Akaziunga seli zake sambamba, yaani ncha zote za chanya pamoja, na ncha zote za hasi pamoja. Fikirini mitungi ya kimo kimoja iliyounganishwa chini kwa bomba. Maji hayapandi kupita kimo cha mtungi mmoja, lakini wingi wake ni wa mitungi yote. Ndivyo ulivyo umeme: seli moja ya risasi ina volti kama 2, na seli nyingi zikiwa sambamba volti hubaki 2, ila akiba huongezeka. Hivyo betri mbili zile ziliweza kuzijaza seli zote polepole. Kisha Planté aligeuza viungo, seli zikafuatana, na msukumo wa kila moja ukajumlishwa na wa mwenziwe. Baadaye alipanga seli 800, akapata cheche kali, akazitumia kuchunguza habari za radi.

Kwa miaka ishirini hivi kazi yake haikuwa na faida kubwa kwa watu. Ndipo zilipopatikana mashine nzuri za kuzalisha umeme, na mwaka 1881 Camille Faure akapaka mabamba rojo la oksidi ya risasi, yasihitaji tena kungojewa miezi. Planté alikufa tarehe 21 Mei 1889, betri yake ikiwa imeanza kuenea.

Leo, katika sehemu zilizo mbali na nyaya za umeme, betri za risasi hujazwa mchana kwa sola, na usiku huwasha taa na redio na kuchaji simu. Nyingine zimefungwa kabisa, tindikali isimwagike. Mwenye betri moja ya volti 12 isiyofika asubuhi huweza kuunga ya pili sambamba: volti hubaki 12, na muda huwa kama mara mbili. Lakini mtungi uliojaa ukiunganishwa na mtupu, maji hukimbilia mtupu. Vivyo hivyo betri iliyojaa humimina umeme kwa nguvu katika iliyo tupu, hata nyaya zikaweza kuungua. Kwa hiyo betri ziwe za volti moja, za aina na ukubwa mmoja na za umri mmoja, zijazwe zote kwanza, na chanya ya moja isiungwe kamwe na hasi ya nyingine.

Akiba haiozi. Subira ya Planté katika miezi ile mirefu ingali inawaangazia watu usiku.