Patrice Lumumba, karani aliyekataa sheria mbili



Katika ukurasa wetu wa maisha ya watu wakubwa, namba hii tumemchagua Patrice Emery Lumumba. Wengi wanamjua kama Waziri Mkuu wa kwanza wa Kongo, tena kama mtu aliyeuawa. Sisi tutamsimulia zaidi kama mfanyakazi, ju alikula mshahara wa ukarani zaidi ya miaka kumi kabla ya siasa, na moja ya kazi zake za kwanza aliipata hapa kwetu Maniema.

Alizaliwa tarehe 2 Julai 1925 katika kijiji cha Onalua, teritware ya Katako-Kombe, Sankuru. Wazazi wake walikuwa wakulima. Alisoma kwa misioni ya Wamethodisti, kisha kwa Wakatoliki, lakini hakufika mbali na masomo. Mengi aliyoyajua baadaye aliyapata kwa kusoma vitabu mwenyewe, usiku, baada ya kazi.

Mwaka 1943 hivi, kijana wa miaka 18, aliingia Maniema na kuajiriwa na Symétain, kompani iliyochimba kasiteriti huko Kalima, teritware ya Pangi. Ile wakati ilikuwa ya vita. Japani ilikuwa imeteka Malaya, fasi kulikotoka bati nyingi ya dunia, kwa hiyo bati ya Maniema ikatafutwa kwa nguvu. Wanavijiji nao walibanwa. Kabla ya vita, sheria ya mkoloni iliruhusu kumlazimisha mtu siku 60 kwa mwaka za kulima mazao ya lazima na kazi nyingine za serikali. Mwaka 1942 siku hizo zikapandishwa hadi 120. Pamba ambayo wazee wetu wa Kasongo na Kabambare wanaisimulia mpaka leo ilitoka katika sheria za namna hiyo.

Tusimame kidogo hapo. Watu wengi wanafikiri kwamba taabu za wakati wa mkoloni zilikuja kwa sababu hakukuwa na sheria. Sivyo. Sheria zilikuwepo, zimeandikwa vizuri, zina tarehe na sahihi. Dekreti ya 16 Machi 1922 ilisema mfanyakazi mweusi akivunja mkataba wa kazi anaweza kutiwa gerezani. Mfanyakazi Mzungu alikuwa na sheria yake nyingine. Kazi ilikuwa moja, nchi moja, lakini sheria mbili.

Mwaka 1944 Lumumba alikwenda Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo. Akawa karani wa serikali, halafu akasomea kazi ya posta Léopoldville kwa miezi kadhaa, akarudi kufanya kazi ya posta. Huko aliona jambo ambalo kila karani Mkongo aliliona: Mzungu aliyekaa meza ya karibu alilipwa mara nyingi zaidi, na vyeo vya juu Mkongo hakuvifikia hata angefanya kazi namna gani. Lumumba aliingia katika APIPO, chama cha wafanyakazi weusi wa posta, akawa kiongozi wake. Hakikuwa chama cha mgomo. Silaha yake ilikuwa kalamu: ripoti za mikutano, barua kwa wakubwa, maandishi katika magazeti.

Mwaka 1952 serikali ya mkoloni ilitoa dekreti mpya ya kuandikisha Wakongo waliohesabiwa kuwa wamestaarabika. Aliyekubaliwa alipata karatasi ya kumweka karibu na sheria ya Wazungu. Lakini kwanza wakaguzi walifika nyumbani kwake kuona anakula namna gani, analala namna gani, anaongea na bibi yake namna gani. Lumumba aliomba, akakataliwa, akadai tena, akakubaliwa mwaka 1954. Katika nchi nzima waliopata karatasi hiyo walikuwa mia chache tu, na watu wa Kongo walikuwa zaidi ya milioni kumi.

Mwaka 1956 alikamatwa, kisha akahukumiwa kwa kuchukua pesa za posta. Hatufichi jambo hilo, ni sehemu ya maisha yake. Marafiki zake wa Stanleyville walichanga pesa zikarudishwa. Katika miaka hiyo aliandika kitabu kilichochapwa 1961, baada ya kifo chake. Ukikisoma unamwona Lumumba ambaye bado anaomba: Wakongo waliosoma waheshimiwe kwanza, wengine watafuata polepole.

Alipotoka gerezani mwaka 1957 alihamia Léopoldville, akauza bia ya Polar kwa kompani ya Bracongo. Kazi hiyo ilimpitisha katika mitaa ya watu wadogo, wasio na karatasi yoyote. Tarehe 10 Oktoba 1958 alikuwa kati ya walioanzisha chama cha MNC, na mwezi wa Desemba alikwenda Accra, kwenye mkutano wa Waafrika wote. Baada ya hapo lugha yake ilibadilika. Hakuomba tena mlango mdogo kwa watu mia chache. Alidai uhuru kwa wote, kabila zote, nchi moja. Maniema ikawa moja ya ngome zake.

Kumbe hata karatasi ile ilikuwa imemfundisha. Sheria inayomtoa mmoja shimoni na kuwaacha wenzake humo haiondoi shimo. Mwaka 1959 serikali ya mkoloni ilikubali kanuni moja kwa wafanyakazi wote wa serikali, weusi na weupe. Lakini uhuru ulipofika mwaka 1960, kati ya maelfu ya vyeo vya juu Wakongo walikuwa watatu tu.

Tarehe 30 Juni 1960, mbele ya mfalme Baudouin, Lumumba aliwakumbusha watu kazi nzito iliyolipwa mshahara usiotosha kula, wala kuvaa, wala kulea watoto. Alikumbusha pia sheria ambayo haikuwa sawa kwa mweusi na mweupe. Maneno yale ni ya mtu aliyewahi kupokea mshahara ule. Serikali yake haikumaliza hata miezi mitatu. Tarehe 17 Januari 1961 aliuawa Katanga pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Alikuwa na miaka 35. Jino lake, ndilo pekee lililobaki katika mwili wake, lilirudishwa na Ubelgiji mwezi wa Juni 2022.

Sasa na sisi? Katika kutembelea vijiji tunaona mambo mawili. Aliyerudi kutoka ukimbizini anaitwa kulima shamba au kubeba mawe ya dhahabu, halafu analipwa chini ya yule aliyebaki, ju hana shamba wala mtu wa kumtetea. Tena wengine wanatafuta njia ya peke yao kwa kapita, ili majina yao yawe mazuri, wenzao wabaki hivyo.

Sheria ya kazi ya Kongo, ya tarehe 16 Oktoba 2002, ni moja kwa wote. Inakataza kazi ya kulazimishwa, kama Katiba ya 2006 inavyokataza. Inasema kazi ikiwa sawa, ujuzi na matokeo yakiwa sawa, mshahara inapashwa kuwa sawa, bila kuangalia asili ya mtu. Mshahara upangwe kwa pesa halali za nchi. Kibarua wa siku kwa siku aliyemaliza siku 22 katika miezi miwili, akiitwa tena kabla miezi hiyo kuisha, anahesabiwa kuwa na mkataba usio na mwisho. Na kama hakuna karatasi ya mkataba, mfanyakazi anaruhusiwa kuthibitisha kazi yake kwa njia nyingine, hata kwa mashahidi. Ugomvi unapelekwa kwanza kwa mkaguzi wa kazi ili awapatanishe, kabla ya tribinali.

Kwa hiyo tunaomba kila kikundi kiwe na daftari moja: jina la kibarua, tarehe, kazi, bei mliyopatana, na majina ya walioona. Asiyejua kuandika aandikiwe na mwenzake jioni ileile. Kwenye mkutano ujao kila kikundi kilete daftari lake, tuhesabu siku 22 pamoja.