Maisha ya Soichiro Honda, na motokari zake tatu zinazofanana

Ndugu wanafunzi, na ninyi walimu wetu, jina Honda wote tunalijua, sababu liko limeandikwa kwenye tanki za pikipiki. Lakini wengi kati yetu wanafikiri ni jina la kiwanda tu. Hapana. Ni jina la mtu, mtoto wa mhunzi. Mara hii tunawaelezea maisha yake. Tena tutawaonyesha namna ya kutofautisha motokari zake ndogo za mwendo, S500, S600 na S800, kwani mwenye kuzichunguza vizuri anamwona bwana mwenyewe alivyokuwa.

Soichiro Honda alizaliwa tarehe 17 Novemba 1906 katika kijiji cha Komyo, karibu na mji wa Hamamatsu, inchi ya Japani. Baba yake, Gihei, alikuwa mhunzi, kisha akatengeneza pia kinga za watu. Mama yake alikuwa anafuma nguo. Kwa mwaka 1922, kijana akiwa na miaka 15, alienda Tokyo kutafuta kazi kwenye garaji moja iliyoitwa Art Shokai. Alifikiri watampa vyombo mara moja. Wapi! Walimpa mtoto wa bwana wa garaji ambebe mgongoni, pamoja na ufagio. Alivumilia, akitazama mafundi kwa macho, mpaka wakamwita chini ya motokari. Mwaka 1928 bwana wake alimruhusu afungue tawi la garaji kule Hamamatsu.

Huyu mtu alipenda mbio sana. Mwaka 1936 aliingia katika mashindano karibu na Tokyo, motokari yake ikapinduka, akaumia vibaya. Kisha akaacha kutengeneza vya wengine, akataka kuunda vyake: segma za pistoni. Hapo ndipo aliona haya. Walichagua segma 50 za kuonyesha kwa Toyota, na 3 tu ndizo zilikubaliwa. Mikono ilijua kazi, lakini kichwa hakikujua ndani ya chuma mna nini. Basi, mtu mzima wa miaka 30 hivi, bwana wa kiwanda, akarudia kukaa kwenye benchi la masomo ya ufundi Hamamatsu pamoja na vijana. (Walimu wetu wasikasirike: mitihani hakufanya, na diploma hakupata. Lakini segma zilikubaliwa.)

Vita ilikula karibu yote. Kiwanda kimoja kilipigwa na mabomu, kingine kikaanguka kwa tetemeko la udongo la Januari 1945. Yaliyobaki akauzia Toyota. Mwaka 1946 alipata moteri ndogo ambazo askari walikuwa wanatumia kwa redio zao, akazifunga juu ya kinga. Watu walizigombania, kwani kusafiri kulikuwa taabu. Tarehe 24 Septemba 1948 kampuni Honda ikaanzishwa. Mwaka uliofuata akaja Takeo Fujisawa, mtu wa hesabu na biashara. Honda alishika moteri, Fujisawa alishika feza, na hakuna aliyeingia katika shamba la mwenzake. Mwaka 1958 walitoa pikipiki ndogo Super Cub, ikaenea dunia nzima.

Sasa tufike kwenye motokari. Mwaka 1961 wizara ya viwanda ya Japani ilikuwa inatayarisha sheria ya kufunga mlango: kampuni zisizotengeneza motokari tayari zisianze tena. Honda alikasirika, akaamuru wafundi wake wafanye haraka. Mwaka 1962 walionyesha S360, lakini hiyo haikuuzwa. Sheria yenyewe haikupita. Mwaka 1963 wakatoa kamio T360, na mwezi wa Oktoba S500.

Kwa mtu anayepita njiani, S500, S600 na S800 ni kama watoto wa tumbo moja: ndogo, chini-chini, viti viwili. Zote ziko na moteri ya silinda 4. Tofauti ni hizi:

S500 (1963): moteri ya santimeta kibiki 531, nguvu ya farasi 44. Ni ya wazi tu, turubai juu. Zilitoka chache.

S600 (1964): santimeta kibiki 606, farasi 57, na moteri inazunguka mara 8,500 kwa dakika moja. Uso wa mbele ulibadilishwa. Tangu 1965 iko pia yenye paa la chuma. Kwa hiyo ukiona paa la chuma, usiseme S500.

S800 (1966): santimeta kibiki 791, farasi 70, inafika kilometa 160 kwa saa. Alama yake ni nundu juu ya kapo. Mwaka 1968 ilitoka S800M, yenye taa ndogo mbavuni. Kazi yote ilikoma mwaka 1970.

Lakini alama kubwa kuliko zote haionekani ukisimama. Ni lazima kulala chini na kutazama nyuma. S500 na S600 hazina ponti ya kawaida. Kila gurudumu la nyuma linavutwa na mnyororo wake, ndani ya sanduku lenye mafuta, sawa na pikipiki. Ukikanyaga mafuta, matako ya motokari yanainuka. Huo ulikuwa ujuzi wa Honda toka pikipiki, naye aliuchukua wote kwa motokari. S800 za kwanza nazo ziko na minyororo. Kisha, mwaka uleule wa 1966, minyororo ikaondolewa, ikawekwa ponti kama kwa motokari zingine. Basi S800 mbili zinaweza kuwa na uso mmoja na nundu moja, kumbe chini ni vitu viwili.

Kuacha mnyororo kulikuwa neno dogo. Neno kubwa lilikuja nyuma. Honda aliamini kwamba moteri inafaa ipozwe kwa upepo, si kwa maji, na hakuna aliyeweza kumgeuza. Mwaka 1968 alipeleka motokari ya mbio ya namna hiyo, RA302, kule Rouen, Ufaransa. John Surtees, dereva wao, alikuwa ameikataa kwamba haijawa tayari. Akapewa Mfaransa Jo Schlesser. Ikaanguka, ikawaka moto, Schlesser akafa. Hata hivyo Honda hakulegea: mwaka 1969 akatoa motokari ya kuuza, Honda 1300, ikipozwa kwa upepo tena, nzito na ya bei kubwa kuitengeneza. Wafundi vijana walisema moshi hautakuwa safi bila maji. Mwishowe Fujisawa alimwuliza achague: yeye ni mkubwa wa kampuni, ao ni fundi? Honda alijibu kwamba ni mkubwa wa kampuni, akawaachia vijana watumie maji. Toka hapo ikazaliwa Civic, mwaka 1972, na moteri CVCC iliyosifiwa kwa moshi wake safi.

Mwaka 1973 yeye na Fujisawa walistaafu pamoja. Honda alikufa tarehe 5 Agosti 1991, akiwa na miaka 84.

Ndugu wanafunzi, ujuzi uliomwinua mtu jana unaweza kumfunga kesho. Honda aliacha mnyororo mapema, na hakuna aliyelia. Upepo alichelewa kuuacha, na katikati mtu mmoja alikuwa amekwisha kufa. Tukitaka kujua kama mtu ao kitu kimebadilika kweli, tusitazame nundu ya kapo. Tulale chini, tutazame kinachovuta magurudumu.