Max Malini, Bingwa wa Kiinimacho cha Mezani

Hapa kwetu ukitaja kiinimacho watu huwaza jukwaa, pazia, makasha yenye milango ya siri na msichana anayekatwa kwa msumeno. Mimi leo nataka kukusimulia habari za mtu ambaye hakuhitaji hata kimoja cha hivyo. Ukumbi wake ulikuwa meza ya chakula, watazamaji ni walaji, na vyombo vyake ni vile alivyovikuta pale pale: kisu, sarafu, kofia na karata za kuazima. Na si uchawi, tuelewane mapema. Ni ujanja mtupu.

Jina lake la kuzaliwa ni Max Katz Breit. Alizaliwa mwaka wa 1873 katika sehemu za Poland, na akiwa bado mtoto mdogo wazazi wake wakahamia New York, Marekani. Alianza na sarakasi akiwa na miaka 12. Alipofika miaka 15 akawa mwanafunzi wa Frank Seiden, mjuzi wa kiinimacho na kula moto, aliyekuwa na baa katika mtaa wa Bowery. Hebu fikiria darasa hilo! Walevi wamekuzunguka pande zote, huyu anakupumulia shingoni, yule anangoja ukosee akuzomee. Mwenzako wa jukwaani ana umbali wa kumsitiri. Wewe wa mezani huna, na ukishikwa, siku hiyo unalala njaa.

Isitoshe, Malini alikuwa na viganja vidogo mno, hata karata moja haikufichika vizuri ndani yake. Kiingereza chake nacho kilibaki cha kuvunjikavunjika maisha yake yote. Basi ungetarajia nini kwa mtu kama huyo? Lakini alikuwa na ujasiri, jamani!

Mwaka wa 1902, mjini Washington, alimwendea Seneta Mark Hanna mbele za watu akamng'oa kifungo cha koti kwa meno. Seneta mzima! Kabla mambo hayajaharibika, akakirudisha kifungo mahali pake, kikashika imara kama kwamba hakijaguswa. Habari zikaenea, na milango ya wakubwa ikaanza kumfungukia.

Maisha yake yalikuwa ya kusafiri, hata akafika Mashariki ya Mbali. Akiingia mji mgeni, pengine bila ndururu mfukoni, alikwenda moja kwa moja kwenye baa na hoteli za matajiri, akafanya maajabu mawili matatu bure. Watu wakishanaswa, anawauzia tikiti za onyesho lake hotelini. Mimi naona hiyo ilikuwa biashara ya hatari, kwa maana onyo la bure likiharibika, hakuna tikiti na deni la chumba liko pale pale.

Sasa nije kwenye barafu. Malini alikuwa akila na wageni wake, wanaongea, wanacheka, saa zinapita. Baadaye anaazima kofia, anaizungusha sarafu mezani na kuifunika, kisha anamwomba mtu abahatishe ni upande gani uko juu. Anafunua, sarafu hiyo hapo. Anarudia. Mara ya mwisho akiinua kofia, chini yake kuna pande kubwa la barafu! Walaji wote vinywa wazi.

Dai Vernon, naye bingwa wa karata, aliwahi kumwuliza ni wakati gani hasa hufanya kile kitendo cha siri, ilhali watu wamemkodolea macho. Malini akamweleza kwamba hakifanyi mpaka wamegeuza macho. Vernon akataka kujua, je, wasipogeuza? Alijibiwa kwamba husubiri tu, hata ikibidi wiki nzima. Wengi tunadhani siri ya kazi hii ni wepesi wa vidole. Yeye vidole vyake vilikuwa vile nilivyokwisha kuvieleza. Alichokuwa nacho ni kungoja bila uso wake kuonyesha kwamba anangoja.

Malini alifariki Honolulu mwaka wa 1942. Mwaka wa 1962 Lewis Ganson akatoa kitabu cha mbinu zake, kutokana na kumbukumbu za Vernon. Na wenye kazi hiyo hadi leo wanabishana juu ya ile barafu: aliificha wapi saa zote hizo za chakula, isiyeyuke ikamlowesha nguo?