Buddy Holly: Nyimbo za Marehemu Ni za Nani?

Mtu akifa, mali yake hugawiwa warithi wake. Lakini wimbo aliouacha nusu, nani mwenye haki ya kuumaliza? Swali hilo lilimwandama marehemu Buddy Holly, mwimbaji mashuhuri wa roki wa Marekani, kwa miaka hamsini baada ya kuzikwa.

Alizaliwa tarehe 7 Septemba 1936 mjini Lubbock, jimbo la Texas. Jina lake hasa ni Charles Hardin Holley. Mkataba wake wa kwanza wa kurekodi uliliandika Holly, naye akaliacha hivyo hivyo. Mwaka 1957 yeye na bendi yake, The Crickets, walirekodi "That'll Be the Day" katika studio ya Norman Petty huko Clovis, New Mexico. Kufika Septemba wimbo huo ulikuwa wa kwanza Marekani nzima. Alikuwa kijana mwembamba mwenye miwani, aliyetunga nyimbo zake nyingi na kupiga gitaa mwenyewe, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa waimbaji wa siku zile.

Agosti 1958 alimwoa Maria Elena Santiago, wakafanya maskani New York. Mwisho wa mwaka huo alifarakana na Petty, aliyekuwa meneja wake, na fedha zake zikakwama katika ugomvi huo. Mkewe alikuwa mja mzito. Hali ikamlazimu akubali ziara ya kuimba mji hadi mji, Januari 1959, katika baridi kali ya kaskazini. Basi lao lilikuwa bovu, na mpiga ngoma wake alilazwa hospitali, miguu imeumwa na baridi.

Tarehe 2 Februari, baada ya kuimba Clear Lake, Iowa, Holly alipanda ndege ndogo ya kukodi. Ilianguka dakika chache tu baada ya kuruka, usiku wa kuamkia tarehe 3. Walikufa yeye, Ritchie Valens, J.P. Richardson na rubani. Holly alikuwa na miaka 22. Mkewe naye mimba ikaharibika.

Haukupita muda, kampuni ya Coral ikatoa sahani kubwa ya santuri, "The Buddy Holly Story", yenye nyimbo 12. Hiyo haikuwa na lawama, kwani ilikusanya nyimbo alizozimaliza mwenyewe angali hai. Ilinunuliwa sana Marekani na Uingereza, na wengi walimjua Holly kwa sahani hiyo, mwenyewe yu kaburini.

Maneno yalianzia kwenye kanda za nyumbani. Miezi ile ya mwisho, Holly alijirekodi katika nyumba yake ya kupanga, yeye na gitaa lake tu, akijaribu nyimbo mpya. Kampuni ilimpa Jack Hansen kazi ya kuziongezea vyombo na waitikiaji, na nyingine zikaingia katika sahani ya pili ya 1960. Kisha, kwa ridhaa ya wazazi wa marehemu, kanda zikafika kwa Petty, yule yule aliyefarakana naye. Petty aliziongezea muziki wa bendi ya Fireballs, na kuanzia 1963 zikauzwa tena. Sauti moja ikavishwa nguo mara mbili, na mwenyewe hakuulizwa.

Wako wanaosema bila kazi hiyo nyimbo zingeozea sandukuni. Huenda ni kweli, maana biashara ya wakati ule isingeuza gitaa moja na sauti ya kujaribia. Lakini amana haibadiliki kuwa mali ya aliyewekewa. Mwaka 2009 kanda hizo zilitolewa jinsi alivyoziacha, katika mkusanyiko wa "Down the Line: Rarities". Humo anasikika kijana akitafuta wimbo wake taratibu. Wimbo mwingine haujakamilika, lakini ni wake.