Mkwawa: Aliyenyang'anywa urithi akajenga Kalenga

Soko la Mwanjelwa jijini Mbeya lilipoungua mwaka 2006, wafanyabiashara wengi walipoteza mtaji wa miaka mingi kwa siku moja. Mkulima wa nyanya wa Ilula naye anaijua hali hiyo: shamba limependeza, lakini siku ya kuuza bei imeanguka na dalali ameondoka na faida. Hasara ya namna hiyo huacha uchungu moyoni, na uchungu huo mwingine huumaliza kwa pombe, mwingine kwa ugomvi wa nyumbani, na wachache huugeuza kuwa kazi.

Nyanda za Juu Kusini zina historia ya mtu aliyefanya mambo yote mawili, yaani kujenga kwa uchungu wake na pia kuumizwa nao. Mtu huyo ni Mtwa Mkwawa wa Uhehe.

Mkwawa, ambaye jina lake refu ni Mkwavinyika, alizaliwa miaka ya 1850 katika ukoo wa Muyinga, mkoani Iringa kwa mipaka ya leo. Baba yake, Munyigumba, aliunganisha watawala wadogo wengi kuwa dola moja. Kwa kufanya hivyo alichukua mbinu nyingi za vita kutoka kwa majirani zake Wasangu, ambao nchi yao leo ni Mbarali mkoani Mbeya.

Munyigumba alifariki dunia mwaka 1879 hivi. Mkwawa alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Kabla hajakaa vizuri katika nafasi ya baba yake, Mwambambe, mtu aliyekuwa ameoa katika ukoo huo huo, alijitwalia madaraka. Mkwawa alikimbilia Ugogo. Kwa mkupuo mmoja akawa amempoteza baba, nchi, mifugo na heshima, na aliyemfanyia hivyo alikuwa mtu wa ndani ya nyumba.

Hakurudi kwa pupa

Ugenini Mkwawa hakukaa akihesabu aliyoyapoteza. Alijiandaa, akarudi na watu waliokuwa tayari kumfuata, akampiga Mwambambe ambaye aliuawa katika vita hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 alimalizana pia na Wangoni, waliokuwa wamepigana na Wahehe tangu enzi za baba yake. Baada ya hapo hakuna aliyebishana naye tena juu ya urithi.

Wengi wangeishia hapo, wakala raha. Mkwawa aliendelea, kwani aliyewahi kufukuzwa kwao anajua kwamba kilichopatikana leo kinaweza kuondoka kesho. Alipanga vijana wake katika vikosi, akaweka wakuu wa kila eneo walioleta habari kwake, na akajenga makao makuu Kalenga, kando ya Mto Ruaha Mdogo. Boma hilo lilizungushiwa ukuta wa mawe na udongo wenye urefu wa kilomita kadhaa, na lilichukua miaka kuukamilisha. Ilikuwa kazi ya kubeba jiwe baada ya jiwe, msimu baada ya msimu, chini ya mtu aliyekumbuka siku aliyokuwa hana pa kulala.

Maandalizi hayo yalijaribiwa Agosti 17, 1891. Kamanda wa Kijerumani, Emil von Zelewski, aliingia Uhehe na kikosi cha askari na wapagazi mamia kadhaa, wenye bunduki za kisasa na mizinga. Huko Lugalo, karibu na Ilula, wapiganaji wa Mkwawa waliokuwa wamejificha waliwavamia ghafla, wengi wao wakiwa na mikuki. Zelewski aliuawa pamoja na sehemu kubwa ya kikosi chake, na bunduki kwa mamia zikaangukia mikononi mwa Wahehe.

Upande wa pili wa hesabu

Lakini hesabu za biashara zina mapato na matumizi, na za Mkwawa nazo hivyo hivyo. Nguvu ileile iliyojenga Kalenga ilitumika kuvamia majirani. Mali yake ilitokana pia na pembe za ndovu, ng'ombe wa kuteka, watumwa, na misafara ya biashara iliyovamiwa njiani. Wasangu wa Mtemi Merere walikuwa wamefukuzwa na Wahehe kutoka nchi yao wakahamia Usafwa, jirani na ilipo Mbeya ya leo. Wakawa wakimbizi, kama alivyowahi kuwa Mkwawa mwenyewe.

Hao nao walikuwa na uchungu wao. Wajerumani walipojipanga upya, Merere alikuwa upande wao, na mwaka 1896 alirudishwa Usangu chini ya ulinzi wao. Mtu aliyejenga ukuta imara wa mawe alikuwa hana majirani wa kumlinda nje ya ukuta huo.

Kalenga iliangushwa kwa mizinga Oktoba 30, 1894. Mkwawa alitoroka, na kwa karibu miaka minne alipigana akihama msitu hadi msitu, akilishwa na kufichwa na watu wake. Wajerumani walimtangazia dau la rupia 5,000, fedha nyingi kwa wakati ule. Kwa kuwa hakuna aliyemtoa, walihamia kwenye chakula: mashamba na maghala yalichomwa, mifugo ikachukuliwa, na njaa ikaingia vijijini. Mdogo wake, Mpangile, aliyewekwa na Wajerumani kuwa mtawala mwishoni mwa 1896, alinyongwa mwanzoni mwa 1897 kwa kushukiwa kumsaidia ndugu yake.

Julai 19, 1898, akiwa mgonjwa na amezingirwa huko Mlambalasi, Mkwawa alijipiga risasi. Kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Madai ya kukirudisha yaliingizwa hata katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, lakini fuvu lilifika Kalenga mwaka 1954 tu, na limehifadhiwa katika makumbusho ya hapo. Mjukuu wake, Adam Sapi Mkwawa, alilipokea, na baadaye akawa Spika wa Bunge kwa miaka mingi. Leo kambi ya jeshi Dar es Salaam inaitwa Lugalo, na chuo kikuu kishiriki mjini Iringa kinaitwa Mkwawa.

Kwa mkulima anayebebeshwa lumbesa kila msimu, au mama wa genge aliyedhulumiwa na ndugu, maisha haya yanafundisha jambo la kufanyia kazi. Uchungu ni kama moto wa jikoni, ambao ukiwekewa mafiga hupika na ukiachwa huunguza hata paa la jirani. Uchungu wa Mkwawa ulipoelekezwa kwenye kujipanga, ulimrudishia nchi na kujenga Kalenga. Ulipoelekezwa kwa majirani, ulizaa maadui waliomsubiri. Hivyo aliyepata hasara msimu huu aanze na ukuta wake: ghala, daftari la mahesabu, chama cha ushirika. Na anapoujenga, aangalie asiwe anamfanyia jirani kile alichofanyiwa yeye.