Bilal: jina la mtumwa lililopanda juu ya Al-Kaaba

Kila tusikiapo mtoto ameitwa Bilal, mawazo yetu humwendea mwadhini wa Bwana Mtume Muhammad (S.A.W.). Ni wachache wetu waulizao maana ya jina lenyewe. Kwa Kiarabu linatokana na neno la kulowesha. Ni majimaji yanayoburudisha koo lililokauka. Halina ndani yake jina la Mwenyezi Mungu wala sifa yoyote ya dini. Lilikuwa jina la mtumwa wa Makka, naye aliitwa hivyo kabla Uislamu haujadhihiri.

Mtumwa huyo ni Bilal bin Rabah (R.A.), ambaye mama yake, Hamama, alikuwa Mhabeshi. Aliposilimu, naye ni katika watu wa mwanzo kabisa, Umayya bin Khalaf alimlaza chali juu ya mchanga wa adhuhuri, akaamuru awekewe jiwe kubwa kifuani, akimtaka amkane Mtume na kuabudu Lata na Uzza. Bilal hakuwa na kabila la kumtetea, na katika Makka ya siku zile asiye na jamaa hakuwa na haki. Alichokuwa nacho ni neno moja tu, kwamba Mungu ni Mmoja, nalo hakuacha kulikariri chini ya jiwe lile. Sayyidna Abubakar (R.A.) akamnunua, akamwacha huru.

Baada ya Hijra ya mwaka 622, maneno ya adhana aliyaota swahaba mwingine, Abdullah bin Zayd (R.A.). Hata hivyo Mtume alimwamuru amfundishe Bilal, kwa kuwa sauti yake ilikuwa na nguvu zaidi. Kisha mwaka 630 Makka ikafunguliwa, na Bilal akaamrishwa apande juu ya Al-Kaaba aadhini. Wapo wakubwa wa Kiquraishi walioona ni heri baba zao walikwisha kufa wasiyashuhudie hayo. Kwa maoni yetu, hapo ndipo jina lilipopata maana mpya. Mtume aliwabadilishia majina masahaba kadhaa ambao majina yao yalikuwa mabaya. La Bilal aliliacha kama lilivyo.

Mtume alipofariki mwaka 632, Bilal hakuweza tena kuwa mwadhini wa Madina. Alihamia Sham, akafia huko yapata mwaka 20 Hijria (641).

Jina lake halikuzikwa naye. Katika nchi za Kimalei mwadhini yeyote huitwa bilal, hata kama jina lake ni jingine. Huko Marekani, mwaka 1975, Waislamu weusi waliomfuata Imamu Warith Deen Mohammed walianza kujiita kwa jina lake, na gazeti lao nalo likapewa jina hilo.

Kwetu mwambao wapo waonao haya kutaja kwamba babu yao alikuwa mtumwa, ilhali nyumbani wana mtoto waliyemwita Bilal. Ukoo wa Keita, uliotoa wafalme wa dola kongwe ya Mali, haukuona haya hiyo. Masimulizi yao huanza nasaba ya wafalme hao kwa huyuhuyu Bilal, mwana wa Hamama.