Lavoisier: Mkusanya ushuru aliyefichua siri ya moto

KILA mwanafunzi anayefunzwa kutofautisha mwako, muungano na mtengano wa kemikali hufuata nyayo za Mfaransa aliyekatwa kichwa akiwa na umri wa miaka 50.

Antoine Lavoisier alizaliwa jijini Paris mnamo Agosti 26, 1743. Babake alikuwa wakili, na kijana huyo naye akasomea sheria. Hata hivyo, moyo wake ulikuwa katika sayansi.

Mnamo 1768 alichaguliwa kujiunga na Akademia ya Sayansi ya Ufaransa. Mwaka uo huo alinunua hisa katika kampuni iliyotoza ushuru kwa niaba ya mfalme. Fedha za huko ndizo zilizogharimia maabara yake, na ndizo zilizomponza.

Miaka mitatu baadaye alimwoa Marie-Anne Paulze, bintiye mkusanya ushuru mwenzake. Bibi huyo alijifunza Kiingereza ili amtafsirie mumewe maandishi ya wanasayansi wa Uingereza, na akamchorea vifaa vya maabara.

Enzi hizo wataalamu wengi waliamini kuwa kitu kinapoungua hupoteza kiini cha moto walichokiita flojistoni. Lavoisier, aliyeiamini mizani kuliko maneno, hakuridhika. Alipochoma fosforasi na salfa mnamo 1772, alibaini kwamba uzito uliongezeka badala ya kupungua.

Katika jaribio lake mashuhuri, alipasha zebaki moto kwa siku 12 ndani ya chombo kilichozibwa. Ungaunga mwekundu ukajitokeza, na hewa ikapungua. Huo ulikuwa muungano. Alipoupasha ungaunga huo joto kali zaidi, ukarejea kuwa zebaki na kutoa gesi ileile iliyokuwa imetoweka. Huo nao ulikuwa mtengano.

Joseph Priestley wa Uingereza alikuwa ameipata gesi hiyo mnamo 1774, lakini ni Lavoisier aliyeipa jina la oksijeni na kueleza kazi yake. Alionyesha kwamba mwako ni kuungana na oksijeni, na kwamba hata kupumua ni mwako wa polepole.

Kitabu chake cha 1789 kiliorodhesha elementi 33 na kusisitiza kwamba katika mmenyuko wowote uzito haupotei wala hauzuki. Vitu hubadilika umbo tu.

Mwaka uo huo Mapinduzi ya Ufaransa yalizuka. Raia waliwachukia mno watoza ushuru, na Novemba 1793 Lavoisier akatiwa mbaroni. Mei 8, 1794, alihukumiwa na kuuawa kwa gilotini siku iyo hiyo pamoja na wenzake 27, akiwemo baba mkwe wake.

Marie-Anne alichapisha maandishi ya mwisho ya marehemu mumewe, akaishi hadi 1836. Kampuni ya ushuru ilikwishasahaulika. Kanuni ya mizani ingali inafunzwa madarasani hadi leo.